Ruzuku Imkute Msanii Bado Anachora

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa mwaka wa jumuiya yetu hapa Rotterdam, Uholanzi, wakati wa hoja ya kuchangia mfuko wa wasanii wa Karibiani. Nimeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu mlioketi mbele, ndugu zangu wote: shikamooni, na hamjambo.

Wengi wenu mnanijua kwa kazi ya hesabu. Kuna niliowajazia fomu za kodi, kuna niliowafungia vitabu vya duka mwisho wa mwaka. Wachache ndio wanaojua kwamba kwa miaka minne sasa, jioni na siku za mapumziko, nimekuwa kwenye jopo dogo linalosoma maombi ya ruzuku za wachoraji, wachongaji, wapiga picha na watengenezaji wa video wa visiwa vya Karibiani. Waliniita kwa ajili ya bajeti, walitaka mtu wa kusoma tarakimu. Nimebaki kwa ajili ya watu walio nyuma ya tarakimu hizo, na leo nimesimama hapa kuwaombea.

Naomba nianze na ombi nililolikataa mimi mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili. Mchoraji mmoja wa kike, sitamtaja jina wala kisiwa chake, aliomba fedha za vitu vitatu: mashine ya kunyonya unyevu hewani, mbao za kutengenezea rafu za kupangia kazi zake, na kodi ya miezi minne ya chumba anachochorea. Kanuni zetu wakati ule zilisema hatulipii vifaa wala pango, tunalipia mradi. Yeye hakuandika mradi. Aliandika kwamba anachora kila siku na angependa kuendelea. Nikapiga mstari mwekundu, wenzangu wakakubali, barua ikaenda.

Miezi minane baadaye nilisafiri na mwenzangu kutembelea wasanii, na kwake tukafika. Nyumba ya mbao, bati juu, dirisha linatazama bahari. Akatoa kanvasi moja akaigeuza ili tuone mgongo wake. Pale kitambaa kinapobanwa kwenye fremu kwa pini za stepla, kila pini ilikuwa imeota kutu. Na kitambaa kilikuwa kimeanza kuinywa ile kutu: viduara vya hudhurungi, kama matone ya chai, vimejipanga ukingoni kimoja baada ya kingine, na baadhi vimeshapenya upande wa pili, kwenye shavu la bibi mzee aliyemchora akipaa samaki magamba. Pembeni kulikuwa na kanvasi nyingine yenye ukungu mweusi kwenye kona mbili. Hiyo ilikuwa imeshaahidiwa kwenda kwenye maonyesho, ikabaki.

Nikamuuliza ile mashine ingegharimu kiasi gani. Haikufika dola 300.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Najua chumvi ya bahari inavyokula bati, friji na baiskeli. Nilikuwa na kila sababu ya kuelewa mstari ule wa bajeti, na sikuuelewa, kwa sababu nilikuwa nasoma kanuni badala ya kumsoma mtu. Yeye hakunilaumu. Alitukatia madafu tukanywa, tukazungumza mpaka magharibi. Usiku ule sikupata usingizi.

Sasa kuna mwanajumuiya aliyeniuliza wiki iliyopita, kwa nia njema kabisa: hivi huko Karibiani kuna sanaa gani zaidi ya muziki na picha za minazi wanazouziwa watalii? Nitamjibu kwa viwanja vitatu.

Uwanja wa kwanza uko Port of Spain, Trinidad. Mwaka 2006 msanifu majengo Sean Leonard, msanii Christopher Cozier na mwandishi Nicholas Laughlin walianza kutumia uwani wa nyumba ya zamani ya familia ya Leonard, mtaa wa Roberts, eneo la Woodbrook. Wakapaita Alice Yard. Msanii alipokuja, alipewa chumba, uwani, na watu wa kuzungumza nao usiku. Mwaka 2022 walialikwa Kassel, hapo jirani zetu Ujerumani, kwenye documenta ya 15, moja ya maonyesho makubwa kabisa ya sanaa ya kisasa duniani.

Wa pili uko Port-au-Prince, Haiti, kwenye Grand Rue, mtaa wa mafundi. Kundi la Atis Rezistans, akina André Eugène na Jean Hérard Céleur, wanachonga na kuunganisha sanamu kwa vipuri vya magari, matairi, mbao, na hata mafuvu ya watu. Mwaka 2009 walianzisha maonyesho yao wenyewe, Ghetto Biennale, wakaikaribisha dunia ije mtaani kwao. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 12 Januari 2010, tetemeko likaibomoa sehemu kubwa ya jiji, pamoja na jengo la Centre d'Art lililolea wachoraji wa Haiti tangu 1944. Hawakuacha. Nao mwaka 2022 walikuwa Kassel, sanamu zao zimepangwa ndani ya kanisa la Mtakatifu Kunigunde. Ukisimama chini ya sanamu zile, ndugu zangu, neno sanaa ya watalii halikujii kabisa.

Wa tatu uko Barbados, mkoa wa St. George, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa ambalo zamani lilikuwa shamba la miwa. Msanii Annalee Davis alianzisha pale mwaka 2011 kituo anachokiita Fresh Milk, maana yake maziwa mabichi: maktaba, studio, na makazi ya muda ya wasanii. Ardhi ile ilifanyiwa kazi na watumwa. Leo vijana wanakaa juu yake wakisoma na kuchora.

Ningeweza kuendelea hadi Moengo nchini Suriname, mji uliojengwa kwa ajili ya boksiti, ambako msanii Marcel Pinas ameweka studio na sanaa ya Wandyuka, kizazi cha watumwa waliotoroka, mbele ya macho ya watoto. Lakini muda wangu si mrefu. Ninachotaka mkione ni kwamba pote nilipotaja, mambo yalianza na uwani wa mtu, na mfuko wa mtu. Kabla hajatokea mfadhili yeyote, kuna mtu aliyelipa umeme.

Basi, wafadhili wapo? Wapo. Tatizo ni jinsi pesa zinavyotembea.

Kuna kisiwa kimoja, hakifiki kilomita za mraba 90. Upande wa kaskazini kinaitwa Saint-Martin, ni cha Ufaransa. Upande wa kusini kinaitwa Sint Maarten, kimo katika Ufalme wa Uholanzi. Waligawana mwaka 1648 na mpaka upo hadi leo. Mchoraji anayeishi Marigot anaomba fedha kwa njia za Paris. Mwenzake wa Philipsburg anaweza kuomba huku kwetu, kwenye Mondriaan Fonds, mfuko wa sanaa wa Uholanzi. Wote wawili wanaogelea pwani ileile, na kimbunga Irma cha Septemba 2017 kiliwaezua mapaa siku moja. Lakini wakitaka kufanya kazi moja kwa pamoja, kila mmoja ana serikali yake ya kuiandikia, kwa lugha yake na tarehe yake ya mwisho.

Tazama sasa ramani nzima. Martinique na Guadeloupe ni mikoa ya Ufaransa tangu 1946. Puerto Rico iko chini ya Marekani tangu 1898. Curaçao na Aruba ni za ufalme huu tunaoishi. Suriname ilipata uhuru 1975, na pamoja na uhuru msanii wake akatoka nje ya milango mingi ambayo binamu yake wa Curaçao bado anapita. Jamaika na Trinidad walipata uhuru 1962, Barbados 1966. Kwa hiyo ukiniuliza msanii wa Karibiani anapataje ruzuku, lazima kwanza nikuulize: babu yake alitawaliwa na nani, na bendera ile ilishuka au haikushuka? Meli ziliondoka zamani, pesa bado zinafuata njia zao.

Na aliyepata uhuru hakuachiwa hapo. Misaada mingi ya utamaduni kutoka Ulaya inatoka kwenye mafungu ya maendeleo, na mafungu hayo yana orodha ya nchi zinazostahili. Barbados na Trinidad na Tobago ziliondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2011, kwa kuwa wastani wa kipato chao ulipanda. Sikatai hesabu, mimi ni mhasibu. Lakini wastani huo una hoteli ndani yake, una mafuta na gesi ndani yake. Yule mama wa pini za kutu hamo. Rangi anayonunua imesafiri kwa meli, imelipiwa forodha, na tyubu moja inamgharimu kuliko inavyomgharimu mwanafunzi wa sanaa hapa Rotterdam.

Hata pesa nzuri kuliko zote zinafuata bendera. Mnaijua ile tuzo ya MacArthur ya Marekani? Huombi, hujazi fomu, hutoi ripoti. Wanakuamini tu, wanakupa, kwa sasa ni dola 800,000 kwa miaka mitano. Mwaka 2021 aliipata Daniel Lind-Ramos wa Loíza, Puerto Rico. Mwaka 2022 Tavares Strachan, mzaliwa wa Bahamas. Mwaka 2024 Ebony G. Patterson, mzaliwa wa Kingston, Jamaika. Nilishangilia kila mara kama aliyeshinda ni ndugu yangu. Lakini sharti la tuzo ile ni uwe raia au mkazi wa Marekani. Lind-Ramos ni raia kwa sababu ya bendera ile ya 1898. Strachan na Patterson walikuwa wameshajenga maisha New York na Chicago. Mwenye kipawa kama chao aliyebaki kijijini kwake Saint Vincent, tuzo hiyo haimwoni. Na sisi tulioacha makwetu tukaja huku tunajua vizuri sana uzito wa kuambiwa, bila mtu kutamka, kwamba ukitaka kuonekana hama.

Niingie sasa kwenye jambo lililonifanya nije kwenu na si kwa watu wengine.

Sisi sote hapa tunacheza upatu. Wa Dar wanasema kibati au mchezo. Ndugu zetu wa Kenya wana vyama vyao. Wakongomani wanaita likelemba, Wanyarwanda ikimina. Huko Karibiani wapo nao, tangu siku za babu zao. Trinidad na Grenada wanaita susu, na wataalamu wengi wanalihusisha neno hilo na esusu ya Wayoruba, maana yake lilivuka bahari pamoja na watu waliofungwa minyororo. Jamaika wanaita pardner. Haiti ni sòl. Guyana ni box hand. Na majirani zetu Wasuriname wa mtaa huuhuu wanaita kasmoni, muulizeni yeyote. Wanawake wa Karibiani wamesomesha watoto na kujenga nyumba kwa susu. Wasanii nao wamenunua kamera kwa susu.

Angalieni susu inavyofanya kazi. Zamu yako ikifika unapewa fedha mkononi. Hakuna anayekuuliza utazifanyia nini, wala kukudai picha sita za ubora wa juu kama ushahidi. Wanakujua, basi. Na wanaoamua ni wanaokaa na wewe.

Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017, kituo cha wasanii kinachoitwa Beta-Local, cha San Juan, kilianzisha mfuko wa dharura. Wakaupa jina El Serrucho. Kwa Kihispania serrucho ni msumeno, lakini kwa lugha ya mtaani ya Puerto Rico kufanya serrucho ni kukusanya pesa, kila mtu atoe alichonacho. Hawakusubiri mtaalamu atoke Washington kufanya tathmini. Waliwajua wenye mapaa na wasio nayo.

Mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege na maonyesho yote, Kingston Creative ya Jamaika na Fresh Milk ya Barbados waliungana wakatengeneza mpango walioupa jina Catapult. Walipata dola 320,000, na uamuzi wa jinsi ya kuzigawa ukakaa visiwani. Wakawapa wasanii ruzuku ndogondogo: nyingine za kuweka kazi zao mtandaoni, nyingine za kukaa nyumbani na kufanya kazi. Nasema tena, kukaa nyumbani. Ruzuku za ukaazi kwa kawaida zinakutaka upande ndege uende kwa watu. Hizi zilimlipa msanii abaki jikoni kwake, mezani kwake, na watoto wake. Nilipousoma mpango ule nilikumbuka mstari wangu mwekundu.

Tangu wakati huo nimepigania mambo kadhaa kwenye jopo letu, na mengi tumeshayapata. La kwanza na kubwa: pango, umeme, chakula na malezi ya mtoto vinaruhusiwa kwenye bajeti. Kwa kweli tumeifuta ile safu ya "mradi" kwenye fomu. Tunaomba picha za kazi za miaka mitatu iliyopita, na maelezo mafupi ya siku ya kawaida ya msanii. Anayetaka kujieleza kwa sauti anatuma sauti, kwa Kikreoli cha Haiti, kwa Papiamentu, kwa lugha anayoota nayo. Sisi ndio tunaotafuta mfasiri, na gharama ni yetu.

Tarehe nazo tumezihamisha. Msimu wa vimbunga ni kuanzia Juni mpaka mwisho wa Novemba, na mifuko mingi ya huku inapenda kupokea maombi Septemba na Oktoba, likizo zikishaisha. Huo ndio wakati ambao mtu wa kule anaweza kuwa hana umeme wala paa. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipiga Carriacou, kisiwa kidogo cha Grenada, kikaacha karibu kila nyumba imeharibika. Sasa wewe mtumie mtu wa Carriacou ukumbusho kwamba zimebaki siku tatu kupakia wasifu wake. Sisi tunapokea Februari. Na fungu la dharura halina tarehe, liko wazi mwaka mzima.

Kutuma pesa ni kazi nyingine, na hapa ndipo mhasibu anapotoa jasho. Benki kubwa za nje zimekata uhusiano na benki nyingi ndogo za Karibiani, zikihofia usumbufu wa sheria za fedha haramu. Kwa hiyo ruzuku ndogo inaweza kuzunguka wiki sita, ikatwe ada mara tatu njiani, mwisho irudi ilikotoka. Nyie mnaotuma nyumbani kila mwezi hamhitaji maelezo yangu. Sasa tunalipa ada sisi, juu ya ruzuku, na sihesabu kazi imekamilika mpaka msanii aniandikie kwamba ameshika.

Kuna swali ambalo Mzee wetu pale nyuma aliliuliza kwenye kamati, na ni swali la haki: kwa nini wachoraji wa Karibiani, na si wa kwetu? Wachoraji wetu wanahitaji, hakuna ubishi. Aliyewahi kupita kituo cha sanaa cha Nafasi pale Mikocheni, Dar es Salaam, ameona vijana wanaofanya kazi ndani ya makontena kwa moyo wote, na mimi huwachangia kutoka mshahara wangu. Sikuja kuwaomba mhamishe kitu chochote kinachokwenda nyumbani. Hoja iliyo mbele yenu inahusu fungu la ujirani, ambalo katiba yetu inasema litumike kwa jamii tunazoishi nazo hapa mjini. Tunaishi na nani? Aliyetuazima ukumbi mwaka ule tulipokosa ni kanisa la Wasuriname. Waliotupikia kwenye msiba wa mwezi wa tatu ni akina mama wa Curaçao. Watoto wetu wanasoma darasa moja na wajukuu wa watu wa visiwa vile, na wanaitwa majina yaleyale uwanjani. Ningependa siku moja waingie jumba la sanaa pamoja na kukuta ukutani kazi ya mtu aliyebaki kwao, aliyelipwa akiwa kwao.

Hoja ni euro 6,000. Watapewa wasanii wanne, euro 1,500 kila mmoja, bila masharti ya matumizi. Watakaochagua ni wasomaji watatu wanaoishi visiwani, nao wanalipwa na mfuko, si kutoka kwenye fedha hizi. Sisi hatutakuwa na kura juu ya nani apewe, na nawaomba tukubali hivyo kwa moyo mweupe. Ripoti tutakayoipata ni barua ya ukurasa mmoja, au sauti ya dakika tano, nitakayoifasiri na kuisoma hapa mwakani.

Yule mama aliomba tena mwaka uliofuata, baada ya kanuni kubadilika. Alipewa. Mwezi uliopita alinitumia video fupi kwa simu. Mashine iko pembeni ya rafu mpya, inanguruma, na chini yake kuna ndoo inayojaa maji kila baada ya siku moja. Anayamwagia pilipili zake zilizo nje ya mlango. Kanvasi ya bibi mpaa samaki ameibandua kwenye fremu na kuibana upya kwa pini za chuma cha pua. Yale madoa ya shavuni ameyaacha.

Karatasi za kura anazo Katibu, mezani kule karibu na birika la chai. Asanteni sana kwa kunisikiliza.